Hal Ashby: Mhariri wa filamu aliyenyang'anywa mkasi

Tarehe 10 Aprili mwaka 1968, watu wa filamu nchini Marekani walikusanyika mjini Santa Monica, California, kwa ajili ya kugawa tuzo za Oscar. Sherehe hiyo ilikuwa ifanyike siku mbili kabla, lakini iliahirishwa kwa sababu Martin Luther King alikuwa ameuawa kwa risasi tarehe 4, na mazishi yake yalifanyika tarehe 9. Miji kadhaa ya Marekani ilikuwa imetoka kuwaka moto kwa hasira ya kifo chake. Huko Vietnam vita vilikuwa vimepamba moto.

Filamu bora ya mwaka huo ilikuwa In the Heat of the Night. Inamhusu mpelelezi mweusi kutoka mji wa Philadelphia, nafasi iliyochezwa na Sidney Poitier, anayejikuta akichunguza mauaji katika mji mdogo wa kusini ambako wazungu hawataki hata kumwita bwana. Kuna tukio ambalo tajiri mmoja wa mashamba ya pamba anamzaba kofi, naye papo hapo anamrudishia. Kwa watazamaji wa wakati ule, mtu mweusi kumrudishia mzungu kofi kwenye filamu lilikuwa jambo la kushika pumzi.

Filamu hiyo ilipata tuzo tano. Moja ilikwenda kwa mhariri wake, Hal Ashby, aliyekuwa na umri wa miaka 38. Alipopanda jukwaani alisema anatumaini watu wa filamu watatumia vipaji vyao kwa ajili ya amani na upendo.

Miaka miwili baadaye Ashby alianza kuongoza filamu zake mwenyewe. Kati ya mwaka 1970 na 1979 alitoa saba, na kati ya hizo ni vigumu kutaja iliyo mbovu. Kisha mambo yakamharibikia, na alipofariki mwaka 1988 wengi wa wenzake walikuwa wameshamhesabu kama mtu aliyekwisha. Kuelewa kilichomtokea, ni lazima kwanza tuelewe kazi iliyomlea.

Mhariri wa filamu hufanya nini?

Filamu haipigwi kuanzia mwanzo hadi mwisho kama unavyoiona. Tukio la mwisho linaweza kupigwa siku ya kwanza, kwa sababu tu nyumba inayotakiwa inapatikana siku hiyo. Tukio moja hurudiwa mara tano, mara kumi, kamera ikiwa mbali, ikiwa karibu, ikimtazama huyu, kisha ikimtazama yule. Mwishoni kinachopatikana ni rundo la vipande, saa nyingi za picha, na filamu yenyewe inatakiwa iwe ya saa mbili.

Hapo ndipo mhariri anapoanza. Ni kama fundi cherehani aliyeletewa kitambaa: kitambaa anacho, lakini gauni bado halipo. Anachagua kipande kipi kibaki na kipi kitupwe, nani aonekane wakati mwingine anaongea, kimya kidumu kwa sekunde ngapi, muziki uingie wapi. Sisi wa redio jambo hili tunalijua. Ukikata ile pumzi ndefu aliyovuta mtu kabla ya kujibu swali, maneno yake ni yaleyale, lakini msikilizaji anasikia mtu mwingine kabisa.

Siku hizi kazi hii hufanywa kwenye kompyuta, na hata simu uliyoshika inaweza kukata video. Enzi za Ashby picha zilikuwa kwenye ukanda wa plastiki, picha 24 kwa kila sekunde moja. Filamu ya saa mbili ni ukanda wenye urefu wa zaidi ya kilomita 3. Mhariri aliupitisha kwenye mashine ya kutazamia, akaukata kwa mkono, akaunganisha vipande kwa gundi au utepe. Akikosea, anafungua na kuanza tena. Ashby alikuwa mtu wa kuanza tena. Alikuwa radhi kukesha na kipande cha dakika moja.

Mtoto wa muuza maziwa

Alizaliwa Septemba 2, 1929, katika mji wa Ogden, jimbo la Utah, magharibi mwa Marekani. Familia yake ilikuwa ya Wamormoni, waumini wa kanisa ambalo makao yake makuu yako jimboni humo, kanisa lenye maadili makali, lisiloruhusu pombe, tumbaku wala kahawa. Hal alikuwa kitinda mimba kati ya watoto wanne. Baba yake aliendesha biashara ya maziwa.

Wazazi walitengana. Mwaka 1942, Hal akiwa na umri wa miaka 12, baba yake alijiua kwa bunduki. Si jambo alilopenda kulizungumzia, lakini mtu akizitazama filamu zake atakutana mara kwa mara na vijana wasio na baba na watu wanaotaka kufa.

Shule hakuimaliza. Alioa akiwa bado kijana mdogo, akapata binti, ndoa ikavunjika upesi. Baadaye alioa tena na tena, jumla mara tano, na hakuna ndoa hata moja iliyodumu. Binti huyo alikua bila baba yake kuwepo, na hilo watu wanaomsifu Ashby kwa upole wake huwa wanalipita haraka. Mtu aliyeumizwa na kuondoka kwa baba yake naye aliondoka.

Alifanya vibarua vya ujenzi wa madaraja katika jimbo la Wyoming, kwenye baridi kali. Kwa maelezo yake mwenyewe, asubuhi moja alikwenda kunywa maji akakuta juu yake kumeganda barafu, na hapohapo akaamua kwenda California kwenye jua. Huko alikosa kazi, akafanya vibarua vingi vya kubahatisha, hatimaye akaenda katika ofisi ya serikali ya kutafutia watu ajira na kusema anataka kazi kwenye kampuni ya filamu. Walimpa: kuendesha mashine ya kunakili nyaraka katika studio ya Universal.

Kati ya watu wote pale, aliwaona wahariri kuwa ndio wanaojifunza zaidi. Akaamua kuwa mmoja wao.

Miaka minane ya kungoja

Chama cha wahariri kilikuwa na kanuni ngumu: uanagenzi wa miaka minane kabla ya kuruhusiwa kuhariri filamu kwa jina lako. Ashby aliichukia kanuni hiyo na aliilalamikia mpaka alipokuwa maarufu. Aliona inawafukuza vijana wenye vipaji. Lakini miaka hiyo ndiyo iliyompa mikono yake. Alikuwa msaidizi wa Robert Swink, mhariri aliyefanya kazi na mwongozaji mkubwa William Wyler, na alipitia filamu kubwa za wakati huo, zikiwemo The Big Country na The Diary of Anne Frank.

Kisha akakutana na Norman Jewison, mwongozaji kutoka Canada. Jewison alimpa kazi ya kuhariri The Cincinnati Kid mwaka 1965, halafu nyingine, halafu ile iliyomletea Oscar. Alikuwa kwake kama kaka mkubwa. Mwaka 1969 Jewison alikuwa na hadithi mkononi aliyokusudia kuiongoza mwenyewe. Alikuwa na shughuli nyingi, akamwambia Ashby: iongoze wewe. Si jambo la kawaida katika biashara ile mtu kumpa mwenzake sahani yake.

Filamu hiyo, The Landlord, ilitoka mwaka 1970. Kijana tajiri wa kizungu ananunua jengo katika mtaa wa weusi huko Brooklyn, New York, akikusudia kuwahamisha wapangaji na kulifanya kasri lake. Wapangaji hawaondoki. Badala yake yeye ndiye anayeanza kubadilika, ingawa filamu haimsafishi: anawaumiza watu pia. Mtaa huo, Park Slope, leo ni mtaa wa watu wenye pesa, na wapangaji wa namna ile hawawezi tena kumudu kodi yake.

Mzee kati ya mahipi

Wakati huo Marekani ilikuwa na vijana waliokataa karibu kila kitu walichoachiwa na wazazi wao: vita vya Vietnam, ubaguzi wa rangi, suti na tai, kazi ya ofisini mpaka uzee. Waliitwa mahipi. Walifuga nywele, walivuta bangi, waliishi kwa makundi, walizungumzia amani. Hollywood ilichelewa kuwaelewa.

Ashby aliwaelewa, ingawa alikuwa amewazidi umri kwa karibu miaka 20. Nywele zake zilifika mabegani, ndevu zikafika kifuani, alikuwa hali nyama, na bangi aliivuta waziwazi kiasi kwamba aliwahi kukamatwa nayo Canada akiwa katika safari ya kutafuta mahali pa kupigia filamu. Wenye studio walimwona kama mtu aliyepotea njia ya kwenda ufukweni. Lakini waigizaji walimpenda, kwa sababu hakuwapigia kelele. Aliwaacha wajaribu, akapiga picha nyingi, kisha akajifungia na mashine yake kutafuta kilicho cha kweli ndani ya rundo hilo.

Filamu yake ya pili, Harold and Maude ya mwaka 1971, iliandikwa na Colin Higgins, mwanafunzi wa chuo kikuu. Harold ni kijana wa kitajiri anayejifanya kujiua ili mama yake amtazame. Anaendesha gari la kubebea maiti na kuhudhuria mazishi ya watu asiowajua. Huko anakutana na Maude, bibi mwenye miaka 79 anayependa uhai kupita kiasi. Wanapendana.

Msikilizaji anaweza kucheka au kukunja uso, na watu wa 1971 walifanya hivyohivyo. Filamu ilianguka vibaya. Lakini itazame uone mkono wa mhariri. Harold na Maude wamekaa kwenye uwanja wa maua meupe yanayofanana. Maude anasema kila ua ni tofauti na jingine, na kwamba shida nyingi za dunia zinatokana na watu walio tofauti kukubali kutendewa kana kwamba wote ni sawa. Picha inakatwa. Sasa wamekaa kwenye makaburi ya wanajeshi. Kamera inarudi nyuma polepole, na mawe meupe ya makaburi, yote ya saizi moja, yanaenea hadi yanajaa kioo kizima. Hakuna anayetaja Vietnam.

Mahali pengine Harold anaushika mkono wa Maude, na kwa takriban sekunde moja tunaona namba zilizochanjwa kwenye ngozi yake. Ni namba walizochanjwa wafungwa katika kambi ya mauaji ya Wanazi. Hakuna anayesema chochote, na mazungumzo yanaendelea kuhusu ndege wa baharini. Ukipiga chafya umeikosa. Mwongozaji mwingine angeweka muziki wa huzuni na machozi. Ashby aliyejifunza kazi yake mezani alijua sekunde moja inatosha.

Nyimbo za filamu hiyo ni za Cat Stevens, ambaye baadaye alisilimu na wengi leo wanamfahamu kwa jina la Yusuf Islam.

Filamu iliyoanguka haikufa. Vyuo viliionyesha, vijana waliirudia. Katika mji wa Edina, jimbo la Minnesota, jumba moja la sinema liliionyesha kwa zaidi ya miaka miwili mfululizo, hadi wakazi wa jirani wakaandamana na mabango wakidai filamu nyingine. Ilianza kuleta faida baada ya takriban miaka 12. Mwaka 1997 iliingizwa katika orodha ya filamu za Marekani zinazohifadhiwa kitaifa kwa thamani yake.

Walioachwa pembeni

Zilizofuata zilipata watazamaji wake mapema zaidi. The Last Detail ya 1973 ni ya wanamaji wawili, mmoja akiigizwa na Jack Nicholson, wanaotumwa kumsindikiza gerezani baharia mdogo. Kosa lake ni kujaribu kuiba dola 40 kwenye sanduku la michango ya hisani. Adhabu yake ni miaka minane. Njiani wanamwonea huruma, wanamnywesha bia, wanamfundisha kudai haki yake hotelini chakula kikija vibaya. Mwishowe wanamkabidhi gerezani, kwa sababu ndiyo amri. Sijui filamu inayoeleza vizuri zaidi namna watu wema wanavyotekeleza jambo baya.

Shampoo ya 1975 ilipata pesa nyingi. Bound for Glory ya 1976 inamhusu Woody Guthrie, mwimbaji wa wakulima waliokimbia ukame na vumbi miaka ya 1930. Humo ilitumika kwa mara ya kwanza katika filamu kubwa ile kamera inayovaliwa mwilini na kutembea bila kutikisika. Mpigapicha anashuka nayo kutoka juu ya winchi na kupita katikati ya mamia ya watu kambini bila picha kukatika.

Kisha Coming Home, 1978, kuhusu askari waliorudi Vietnam wakiwa walemavu. Baadhi ya wanaoonekana kwenye tukio la kwanza ni askari wa kweli waliokuwa kwenye viti vya magurudumu, wakijadiliana wenyewe kama vita ile ilikuwa na maana. Jon Voight, mwigizaji mkuu, amekaa nao akisikiliza tu. Voight na Jane Fonda walipata Oscar. Ashby aliteuliwa kuwania tuzo ya mwongozaji bora, mara ya pekee maishani mwake, na akaikosa.

Ya mwisho katika saba hizo ni Being There ya 1979, ambamo Peter Sellers anaigiza mtunza bustani asiyejua kusoma wala kuandika, aliyelelewa na televisheni. Maneno yake ya bustani yanachukuliwa na matajiri na Rais wa Marekani kuwa hekima ya uchumi. Mwishoni anaingia ziwani akatembea juu ya maji, akachovya mwavuli wake kupima kina, akaendelea. Hilo halikuwemo kwenye hadithi iliyoandikwa. Ashby aliliongeza, na watu wanabishana maana yake mpaka leo.

Nani mwenye mkasi?

Katika filamu za Marekani kuna haki moja inayogombewa kuliko pesa: haki ya kukata mwisho. Kwa kawaida anayelipa ndiye mwenye neno la mwisho. Mwongozaji anaweza kupiga filamu nzima, halafu kampuni ikaichukua na kuipanga upya itakavyo, jina lake likibaki juu yake.

Miaka ya 1970 studio zilikuwa zimechanganyikiwa. Hazikujua vijana wanataka nini, hivyo ziliwaacha watu kama Ashby wafanye wanavyoona. Kisha zikaja Jaws mwaka 1975 na Star Wars mwaka 1977, filamu zilizoingiza pesa ambazo hazijawahi kuonekana. Wenye mitaji wakabadili hesabu. Mtu anayekaa miezi na miezi akitafuta sekunde moja akawa hasara.

Ashby naye alikuwa anazidi kuwa mgumu. Alijifungia, hakupokea simu, alichelewa. Uvumi ukaenea kwamba dawa za kulevya zimemharibu. Kwamba alitumia si siri. Baadhi ya waliofanya naye kazi wanasema habari hizo zilitiwa chumvi na watu waliotaka sababu ya kumwondoa. Pengine yote mawili ni kweli.

Filamu yake Lookin' to Get Out iliingia katika mgogoro mrefu na kampuni iliyoilipia. Wakati huohuo alikuwa akiandaa Tootsie pamoja na Dustin Hoffman, lakini kampuni ilitishia kumshtaki asipomaliza kwanza ile ya awali. Akaiacha Tootsie. Aliichukua mwongozaji mwingine, na ikawa moja ya filamu zilizopendwa zaidi mwaka 1982. Ile ya Ashby ilitoka mwaka huohuo ikiwa imekatwa tofauti na alivyotaka, na hakuna aliyeijali.

Filamu yake ya mwisho ya sinema, 8 Million Ways to Die, ilitoka 1986. Upigaji picha ulipomalizika tu, kampuni ilimwondoa na kuwapa wengine waihariri. Huyu ni mtu aliyepata Oscar kwa uhariri. Ni sawa na kumwita fundi wa mkeka asuke mpaka jioni, halafu ukamfukuza kabla hajafunga ukingo.

Alijaribu kurudi. Aliacha dawa, akapunguza nywele na ndevu, akavaa koti la buluu na kwenda kwenye karamu za Hollywood ili waone kwamba ni mtu wa kuaminika. Alipata kazi za vipindi vya majaribio vya televisheni. Kisha akaanza kuumwa. Ilikuwa saratani ya kongosho, na ilipogunduliwa ilikuwa imeshasambaa. Alifariki Desemba 27, 1988, nyumbani kwake Malibu, akiwa na umri wa miaka 59.

Waongozaji wa kizazi kilichofuata, kama Wes Anderson na Alexander Payne, wamekuwa wakimtaja kama mtu waliyejifunza kwake. Mwaka 2018 ilitoka filamu ya maisha yake, iitwayo kwa kifupi Hal.

Na ile Lookin' to Get Out? Ikaja kujulikana kwamba Ashby alikuwa ameihariri upya kwa mikono yake mwenyewe, na nakala hiyo ilikuwa imekaa miaka yote katika hifadhi ya filamu ya chuo kikuu cha UCLA, Los Angeles. Ilitolewa kwenye DVD mwaka 2009, zaidi ya miaka 20 baada ya kifo chake. Karibu na mwisho wake anaonekana mtoto wa kike wa takriban miaka 5, akiwa na Jon Voight, ambaye ni baba yake mzazi. Mtoto huyo ni Angelina Jolie, na hiyo ilikuwa mara yake ya kwanza mbele ya kamera.